Kulegeza Shokapu kwa Ajili ya Mgongo Mmoja

Nimechoka na magari marefu. Tangu ziwa lianze kupanda na kula vipande vya barabara yetu, kila mwenye pikapu hapa Rumonge anataka inyanyuliwe ili ipite majini bila kulowesha injini. Nawanyanyulia. Kisha wanarudi kulalamika kwamba gari linawarusha mpaka vichwa vinagonga paa, utadhani mashimo nimechimba mimi.

Mmoja wao ni mfanyabiashara wa mawese, mtu mwema ila ana papara. Huyu hakuningoja, alijifungia mwenyewe springi ndefu na shokapu mpya, zile zenye kichwa kidogo cha kuzungusha: ukikaza, shokapu inakuwa ngumu, ukilegeza, inalainika. Zina hatua nane. Yeye akakaza zote nane, kwa kuwa kwake kitu kilichokazwa sana ndicho kilichofungwa vizuri. Gari likawa linaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Akaniletea.

Nilimwambia nitalishughulikia, lakini nami nina shida yangu. Mke wangu anaumwa mifupa ya mgongo. Kila baada ya wiki mbili daktari wa Bujumbura anataka kumwona, na mabasi madogo ya njia ile, kabla hata ya kufika Kabezi, huwa yameshamtoa machozi. Akirudi, siku tatu nzima hawezi hata kugeuka kitandani. Nikamwomba mfanyabiashara anipe gari Alhamisi nimpeleke.

"Fundi, peleka tu," alisema. "Ile siku gari iko yako."

Basi nikaingia chini. Nimekaribia miaka sitini, na kulala chali juu ya changarawe si kazi ya mwili huu tena. Shingo inakakamaa, vumbi linaingia machoni, spana inateleza. Hata hivyo nilikuwa na furaha, nakiri. Kwa miezi mingi nilikuwa nikiyaangalia maumivu yake bila la kufanya, ila kuchemsha maji na kumkanda. Safari hii shida yake ilikuwa imekuja upande ninaoujua.

Nilikata kipande cha mpira wa tyubu nikakifunga kwenye fimbo ya shokapu ya nyuma. Ni ujanja wetu wa gereji. Gurudumu likiingia shimoni fimbo inazama na kuusukuma ule mpira, nao unabaki pale ulipofikishwa. Ukikuta haujasogea, shokapu ni ngumu mno. Ukikuta umebanwa mwisho kabisa, ni laini mno: chuma kimegonga chuma, na aliyekaa juu amekipata kishindo chote.

Nikalegeza hatua moja, kisha nikamketisha mke wangu kiti cha nyuma na mito miwili. Kumpandisha tu kulikuwa kazi. Ilibidi akanyage kreti la soda nami nimsukume kwa nyuma, tukacheka kwa aibu, watu wazima sisi. Nikaendesha polepole njia ya vumbi ya kuelekea Gatete, kwenye mashimo ninayoyajua, nikarudi.

"Unaonaje?"

"Iko muzuri."

Nikachungulia. Mpira ulikuwa umesogea upana wa kidole tu. Nikalegeza hatua mbili, tukaenda tena. Iko muzuri. Nikalegeza nyingine tatu. Mara hii, kwenye shimo la mwisho, nilisikia kishindo nyuma yangu.

"Imekuumiza?"

"Hapana. Iko muzuri sana, mzee. Inatosha."

Nilipofika nyumbani nikaingia chini. Mpira ulikuwa umebanwa mwisho wa fimbo, umepasuka. Hasira ikanipanda. Nikatoka, nikafungua mlango kwa nguvu.

"Kwa nini unanidanganya? Nitaitengeneza namna gani kama hausemi kweli? Mimi niko navunjika huku chini!"

Alikuwa amejishikilia kwa mkono mmoja, jasho limemtoka juu ya mdomo. Kelele zangu zikanitia haya.

"Alhamisi siende," akasema.

"Hauendi wapi?"

"Bujumbura. Siende tena. Docteur mwenyewe alisema ile dawa haiponyeshe, inapunguza tu maumivu. Sasa dawa inapunguza, barabara inarudisha. Nimechoka, mzee. Nilitaka nikuambie juzi, lakini ukaleta hii gari, nikakusikia unapiga mluzi huko chini. Tangu lini haujapiga mluzi? Nikasema, acha afanye."

Nilikaa kwenye kreti. Nilitaka kubishana, nimwambie daktari anajua zaidi, nimtishe kidogo hata. Lakini alikuwa amekubali kurushwa mashimoni mara tatu ili mimi nisikae bure, nami ndiye niliyekuwa nafoka.

"Basi nimurudishie mwenyewe gari yake," nikasema.

"Usirudishe kwanza." Alitazama milimani. "Dada yangu iko Bugarama. Sijamuona tangu mgongo uanze. Unipeleke kule, wakati ningali naweza kukaa. Lakini ile njia iko na mawe."

"Iko na mawe mengi."

"Najua."

Nikamwuliza lile shimo la mwisho lilimuumiza wapi. Akanionyesha kwa kidole, taratibu, bila kuficha: hapa, na hapa, maumivu yanashuka mpaka kwenye mguu. Nikakata mpira mwingine. Nikalala chali, nikakaza hatua moja kwa ajili ya mawe ya Bugarama. Nilijua kule anakwenda kuagana. Nikalia huko chini, mguno ukanitoka, na yeye juu yangu akaniuliza kama spana imeniteleza, nikasema ndiyo.