Harufu ya Karafuu Maiti

Hapa ugenini, mtaani Fordsburg, mwenye duka amefungua kopo, na harufu ya karafuu maiti imenifikia kabla sijasema nimetumwa na wenzangu wanaomwosha marehemu. "Ya mazishi au ya hekaluni?" ameniuliza. Nimelisogeza kopo puani.

Nilipokuwa mtoto, katika mji wetu wa milimani, hekalu la mungu wa kike wa Wahindi lilikuwa juu kabisa. Mama alikuwa amelazwa hospitali, na jirani yetu wa Kihindi ndiye aliyekuwa akinilea. "Twende, mwanangu, tukamwombee mama yako," akaniambia.

Sakafu ilikuwa baridi miguuni. Sanamu ya mungu wao ilikuwa imevishwa sari nyekundu na maua ya manjano. Kisha waumini wakawasha kitu kwenye sahani ya shaba, nikasikia harufu niliyoijua tangu siku walipomwosha babu. Jirani akapitisha viganja juu ya moto, akataka kunipangusa navyo usoni ili kunibariki. Nikampiga mkono. "Mama yangu hajafa!" nikapiga kelele.

Alinibeba mgongoni hadi nyumbani, wala hakunigombeza.

Mama alipopona, nilimwambia kwamba jirani alimchomea karafuu maiti hekaluni. Sikusema alikuwa akimwombea. Jioni ile jirani akaleta sahani ya ladu tamu za Kihindi, ambazo mama alizipenda sana. Mama hakuifunua hata sahani. Akanituma niirudishe.

"Kwani leo hazitaki?" jirani akaniuliza mlangoni.

"Hazipendi," nikasema.

Akachukua moja, akanipa. Niliila njiani, nikajifuta mdomo vizuri kabla ya kuingia ndani.