Keki Nilizowalowekea Vibogoyo

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni bibi wa wajukuu wengi. Wazee nimewalisha, wengine nimewazika. Nani angenifundisha?

Jumamosi iliyopita memsabu mwenye ile hoteli ya Wazungu hapa Mbozi alinitoa kwenye kuosha vyombo. "Leo chai ya saa kumi utaandaa wewe. Ukiweza, meza ni yako siku zote." Mengine sikuuliza, kichwa kilishavimba.

Wageni wakaingia. Loo, wazee watupu! Nywele nyeupe pe, fimbo mkononi, mwendo wa pole. Nikampigia magoti kila mmoja. Kisha nikamwendea mpishi Simwinga.

"Hawa hawana meno. Loweka keki zote kwenye chai ya maziwa."

"Bibi, umewatazama vinywa?"

"We mtoto, mzee anachunguliwa kinywa? Loweka!"

Nikawagawia. Wakatazamana. Nikajua wanaona aibu kujilisha mbele za watu. Basi yule mwenye mvi kuliko wote nikamfunga kitambaa shingoni, nikapuliza kijiko. "Haya babu, fungua, am!"

Babu akafungua. Meno tele, yanang'aa! Akacheka mpaka nywele zote zikaanguka chini, kikabaki kichwa chekundu cha Bwana Shauri wetu mpya, yule mkuu wa wilaya, mdogo hata kuliko kitinda mimba wangu.

Memsabu akaja mbio. "Ni nywele za kuvaa! Tunaigiza enzi za mababu zetu! Rudi kwenye vyombo!"

Bwana Shauri akanishika mkono wenye kijiko. "Ngoja kwanza, memsabu. Bibi hajamaliza kunilisha."