Baba Hataki Kisu Shingoni

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole. Kuongea mbele za watu naona aibu, ndiyo maana nimeandika.

Baba yangu alikuwa mchinjaji hapa Mwamkulu. Pakiwa na harusi au msiba, aliitwa yeye. Siku moja akiwa anachuna mbuzi, kisu kilimtoka mkono wa kulia, mdomo ukaenda upande, akashindwa kutamka neno. Kabla chai haijachemka alikuwa amerudi sawa, anacheka. Majirani wakasema ni uchovu. Mama hakukubali, akampeleka hospitali mjini, nami nikafuatana nao.

Baada ya vipimo, daktari alisema mshipa wa shingo upande wa kushoto umejaa mafuta yaliyoganda, damu inapita kwa shida kwenda kichwani. Lile lilikuwa onyo tu, kiharusi kikubwa kinaweza kufuata. Alitaka baba aende Dar es Salaam upesi, mshipa ufunguliwe, usafishwe, ushonwe.

"Ufunguliwe na nini?" baba akauliza.

"Kwa kisu, mzee. Utakuwa umelala, hutasikia."

"Daktari, shingo nazijua mimi. Nimefungua nyingi. Sijaona hata ng'ombe mmoja aliyeamka akanishukuru."

Daktari alicheka kidogo. Mama hakucheka.

"Kwani wewe ni ng'ombe?"

"Afadhali ng'ombe, mama watoto. Yeye haulizwi kama anakubali."

Tukarudi nyumbani. Mama alimsihi sana, akamleta hata baba mdogo aje kuongea naye. Baba akawa anainua ndoo ya maji kwa mkono wa kulia ili tuone. "Huu ni mkono wa mgonjwa?" Kweli haukuonekana wa mgonjwa. Mwishowe hata mama aliacha kumsihi.

Asubuhi moja, mpunga ukiwa bado shambani, tulimkuta ameanguka mlangoni mwa zizi.

Sasa mkono ule umelala tu pajani. Mama anamlisha uji. Maneno yake yamebaki "ndiyo" na "hapana", na mara nyingi anayachanganya, halafu analia kwa hasira. Akisikia mbuzi analia kwa jirani, anageukia ukutani.

Daktari amesema mshipa wa kushoto umeziba kabisa, hakuna la kufanya tena. Lakini wa kulia nao umeanza kuziba, na huo bado unaweza kusafishwa. Tulipomweleza baba, alifunika shingo kwa mkono wake mzima akasema, "Hapana." Mama akamuuliza tena. "Hapana." Safari hiyo hakuchanganya.

Mimi sina maneno ya kumwambia. Kama wewe unayesoma ulishafanyiwa upasuaji huo wa shingo, au ndugu yako alifanyiwa, tafadhali niandikie. Nieleze ulivyoamka, na kovu likoje. Nitamsomea baba, hata kama nasoma polepole.