Vitanda vya Wodi ya Juu

Kwa miaka kumi na minne Watiri alipangusa sakafu za hospitali moja upande wa Nyeri, na wodi ya juu aliijua kwa ndoo na tambara tu. Ilikuwa wodi ya Wazungu: vitanda vinane, mapazia, madirisha yanayotazama mlima. Siku ya uhuru Watiri aliimba mpaka sauti ikamkauka. Kibao cha mlangoni kikabadilishwa, kikaandikwa Daraja la Kwanza.

Julai ya mwaka wa pili wa uhuru, baridi ikiuma hadi mifupani, alimkuta Ngendo, mzazi kutoka Kiriaini, amelala sakafuni wodi ya chini na mtoto wa siku mbili kifuani. Kila kitanda kilikuwa na wagonjwa wawili. Watiri alipitisha tambara kando ya mkeka wake, akaona haya, kisha haya ikageuka hasira.

Akamwendea Sista Kagure, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wauguzi pale.

"Sista, yule mama atakufa na mtoto wake. Huko juu kuko na vitanda saba tupu."

"Ati tupu? Hizo ni za maofisa."

"Maofisa gani, na hakuna mgonjwa?"

"Watiri, rudi kwa ndoo yako."

Hakurudi. Alimwita Theuri, msukuma machela, wakampeleka Ngendo juu, wakamlaza kwenye shuka nyeupe. Kwenye kitanda cha nane alikuwapo mke wa diwani, aliyekuja kupumzika, akageukia ukutani. Ngendo alizigusa zile shuka, akanong'ona, "Mama, hatutachapwa?"

Swali hilo lilimchoma Watiri kuliko matusi yote ya Wazungu. Akasimama mlangoni, fimbo ya tambara mkononi. Bwana Moffat, karani mkuu, Mwafrika mwenzao, akaja akihema.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Si ni wewe? Si wewe ulituambia kila siku, Mzungu akienda tutalala hapa?"

"Mambo yana utaratibu, mama."

"Utaratibu ni ule ule wa Mzungu! Mmebadilisha kibao tu!"

Askari wawili wakaitwa. Ngendo akarudishwa sakafuni. Theuri aliponea kwa onyo. Watiri alifutwa kazi kabla ya chai ya saa nne, na wafagiaji wenzake wakatazama miguu yao. Siku ya tatu mtoto wa Ngendo akafa kwa kichomi. Vile vitanda saba vilikuwa bado vimetandikwa.

Mzee Simeon wa kanisa alimfuata Watiri nyumbani kwake Gatitu. "Mwanangu, nenda upige magoti mbele ya Bwana Moffat. Atakurudisha."

"Nimepiga magoti miaka kumi na minne nikipangusia watu sakafu," Watiri akasema. "Mwambie aje apige yeye, kwenye kaburi la yule mtoto."

Mzee aliondoka bila kugusa chai yake. Watiri akachukua jembe akaenda shambani, akawa anaupiga udongo kama anayempiga mtu.