Siku Watani Walipoweka Majembe Chini

Nakumbuka siku tuliyomzika babu yako pale Munisagara, mwanangu, na nikikumbuka huwa nalia, kwa sababu siku hiyohiyo ndipo tulipompoteza baba yako, naye yu hai mpaka leo.

Jana uliponiambia umechaguliwa chuo kikuu, unakwenda kusoma mambo ya mipaka na mataifa, nani anatawala wapi na kwa nini, nilipiga vigelegele mpaka majirani wa hapa Mabwerebwere wakaja kuuliza kuna harusi ya nani. Halafu ukaniona nafuta machozi, ukaniuliza, "Shangazi, vipi?" Nikakwambia ni moshi. Moshi gani, na jiko lilikuwa limezimwa! Hayohayo ndiyo aliyosoma baba yako. Najua hajakusimulia. Basi kaa, nikusimulie mimi, na uache hiyo simu kidogo.

Babu yako Petro alikuwa Mnyamwezi aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge hukuhuku Kilosa. Baba yake ndiye aliyetoka Tabora kufuata kazi, na mkonge ulipokufa hakurudi kwao, akapata shamba Munisagara, karibu na reli. Baba yako Sylvester alipoingia chuo, babu yako alikuwa hashikiki kwa furaha. Sylvester akija likizo, shambani haendi mtu. Babu anamkalisha mezani, anamwambia, "Haya profesa, dunia imeamkaje?" Baba yako anapanga vikombe na vijiko: hili taifa kubwa, lile dogo, hapa bahari, hapa mafuta. Mama anasubiri vyombo vyake vya chai mpaka anakasirika.

Msikilizaji mwingine alikuwa Mzee Ramadhani, Msagara wa palepale, mtani wetu. Sijui kama huko mjini mnafundishwa utani. Sisi na Wasagara ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wetu walipokuwa wakipita kwenye milima yao na mizigo ya kwenda pwani. Waligombana weee, wakachoka, wakakubaliana kutaniana na kuzikana. Mtani akifiwa, wewe ndiye unayechimba kaburi, unafagia, unapika, na unamtukana marehemu upendavyo, wala hakuna wa kukununia.

Babu yako alipougua, Mzee Ramadhani alikuwa akija kila asubuhi, anasimama mlangoni na kofia yake. "We Mnyamwezi, bado hujafa tu? Shamba langu nalitaka." Babu yako anacheka mpaka kikohozi kinamkaba. Siku moja nilimsikia akimjibu, "Sasa sikia. Ukinizika kimyakimya, nitafufuka nikuzabe kofi." Wakashikana mikono, nikatoka nje maana nilishindwa kuwatazama.

Mwaka ule mashamba ya zamani ya mkonge yalikuwa yakigawiwa, na kijiji kilikuwa kimejaa maneno. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi walianza kuulizana nani mwenyeji na nani wa kuja. Na chuoni baba yako alikuwa amesoma jinsi watu wanavyonyang'anywa nchi yao: wanaanza kwa kuitwa wageni, kidogo kidogo, wakija kushtuka wamefukuzwa. Alifika msibani na hayo kichwani, na moyo umepasuka. Simlaumu, mwanangu. Alikuwa amempenda sana baba yake.

Tulipofika kaburini na jeneza, tulimkuta Mzee Ramadhani amekaa ndani ya kaburi alilolichimba na wanawe, miguu ameinyoosha.

"Haingii mtu hapa!" akapaza sauti. "Huyu mgeni. Alipita hapa na mzigo wa watu kichwani, akapumzika, akasahau kuondoka. Mpandisheni treni arudi kwao Tabora! Ardhi hii ya Wasagara!"

Watu wakaangua kicheko. Mama yangu, aliyekuwa hajanyanyua uso tangu jana yake, alicheka huku machozi yanamtoka, akamwambia mtu ampe kuku wake atoke. Hivyo ndivyo inavyokwenda. Unampa kitu, anatoka, mnazika.

Baba yako akasogea mbele. "Toka humo," akasema. "Nani amekupa mamlaka? Baba yangu amezaliwa Kilosa. Ana haki na ardhi hii kama wewe."

Mjomba akamshika mkono. "We Sylvester, huo utani."

"Ndivyo wanavyoanza! Leo utani, kesho wanatufukuza. Hamsomi ninyi, mimi nimesoma!" Akamnyang'anya sepeto mtoto wa Mzee Ramadhani, Athumani, aliyekuwa rika lake na walicheza wote udogoni. "Ondokeni. Tutamzika wenyewe."

Jamani! Kicheko kilikatika pale pale. Mzee Ramadhani alitoka kaburini taratibu, akakung'uta udongo kwenye kanzu. Sote tulijua atatukana, tukawa tunaomba atukane, maana angetukana ingekuwa bado ni utani. Hakutukana. Alimtazama baba yako akamwambia kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, mimi na baba yako tumetukanana tangu tukiwa hatujaota ndevu. Leo ilikuwa mara yangu ya mwisho kumtukana. Umeninyima."

Akaweka jembe chini. Wanawe wakaweka yao. Wakaondoka.

Tulimzika wenyewe. Hakuna aliyeigiza kikohozi chake, hakuna aliyemwita mchoyo, tulisikia udongo tu ukianguka juu ya mbao. Mama alirudi nyumbani akasema, "Mmemzika mume wangu kama mtu asiye na watu." Baba yako alimsikia. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, kwa sababu alikwenda nyuma ya nyumba akaketi na lile sepeto mapajani mpaka giza likaingia.

Nilimsihi aende kwa Mzee Ramadhani akaombe radhi. Akasema anaona aibu, ataenda likizo ijayo. Asubuhi ya kurudi chuoni alikutana na mzee kwenye njia ya stesheni, na baba yako, aliyefundishwa shikamoo kabla ya kujua kutembea, akakata kona asimwamkie. Likizo ijayo hakuja. Mzee Ramadhani akafariki mvua za masika zilipoanza. Zamu ilikuwa yetu kwenda kutania. Nilikwenda peke yangu, nikajifunga kanga kiunoni, nikasimama uani nikaanza, "Msagara mvivu huyu, amekufa asipalilie mahindi..." Sauti ikanikatikia. Wanawake wakanishika wakanikalisha.

Mama alipofariki, baba yako alikuja mara hiyo moja. Alifika kanisani, kaburini hakusogea. Athumani na ndugu zake walikuja wakachimba, wakafukia, wakanawa, wakaondoka. Hakuna aliyefungua mdomo. Walituogopa, mwanangu. Watani wetu wanatuogopa.

Unajua baba yako akisafiri kutoka kwenu Mbeya kwenda Dar, basi linasimama Mikumi. Hunipigia simu pale. "Dada, niko Mikumi." Namwambia, "Basi shuka, njia ya Kilosa si hiyo hapo?" Anasema, "Safari ijayo, dada." Halafu simu inakatwa. Amezeeka sasa, na hajaliona kaburi la mama yake.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Soma, tena soma sana, kuna watu wanaofukuzwa kweli, nao watakuhitaji. Lakini kabla hujaamua kuwa neno fulani ni vita, uliza nani anamwambia nani, na wameishije. Na utakosea, usinidanganye kwamba hutakosea. Ukikosea, nenda siku hiyohiyo na aibu yako usoni. Kosa la baba yako lilikuwa la muda mfupi tu. Aibu ndiyo iliyomla maisha yote.

Kesho tutakwenda wote Munisagara kwa Athumani. Mwamkie kwa adabu, kisha umwambie wewe ni mjukuu wa Petro na umekuja kuwadai Wasagara nchi yetu. Atakutazama kwanza. Vumilia. Nataka akujibu kwa utani kabla sijafa, kwa sababu siku yangu ikifika namtaka ndani ya kaburi langu, anifukuze nirudi Tabora kwa sauti mpaka basi la Mikumi lisikie. Wewe usibishane naye. Lia, cheka, mpe kuku.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe akili, akupe na watu wa kukutukana siku ukizikwa. Na baba yako, popote basi lake lilipo, Mungu amshushe.