Likizo ya Kupiga Maharage

Juzi mnadani nilichota maharage kwenye gunia nikayanusa, hata bei sijauliza. Harufu ya vumbi na makapi makavu ikanirudisha uwanjani kwa rafiki yangu, likizo ya Juni.

Mimi nilikuwa nimetoka bweni, yeye alibaki nyumbani kulima. Mama aliweka sharti: mchana nisome ndani, jioni aniulize. Nikishindwa, sitoki tena mpaka shule ifunguliwe. Mama alipokwenda shambani, nikapatana na rafiki yangu: nimsaidie kupiga maharage kwa fimbo, yeye aniulize maswali ya kitabuni.

"Kazi ya figo!"

"Kuchuja damu!"

"Basi piga! Unayabembeleza hayo maharage?"

Jioni nilimjibu mama yote, mengine mara mbili ili asilalamike. Akanyoosha mkono, akanitoa makapi kichwani taratibu.

"Kumbe siku hizi unasomea uwanjani kwa watu?"

"Shikamoo, mama," nikasema.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Marahaba. Kesho mwambie mwenzako aje, msomee hapa. Mahindi yetu hayajapukuchuliwa."