Ramani Mbili na Shamba Moja la Rangwe

Nilitoka nyumbani Migori kwa sababu ramani mbili hazikupatana. Mpima ardhi Achieng, ambaye tunasali kanisa moja, alinieleza kwamba ya kwanza ilitokana na picha moja ya setilaiti, iliyopigwa wakati wa kupanda. Ya pili ilitokana na picha za mwaka mzima. Mahali fulani Rangwe, ya kwanza ilionyesha kichaka na ya pili shamba. Vichaka vingetengwa kwa upanzi wa miti, na wenyewe wasilime tena. Aliniomba nimsindikize kwenda kuona.

Asubuhi tuliomba, tukaondoka. Awendo tulipita katikati ya miwa. Hapo, alisema Achieng, ramani zote mbili zilikuwa sawa.

Rangwe, nyuma ya soko, tulimkuta Mama Pamela, mwenye shamba. Magugu yalifika kiunoni.

“Mzee, ya kwanza imeshinda,” Achieng aliniambia polepole. “Hiki ni kichaka.”

“Kichaka?” Mama Pamela alifoka. “Na mahindi niliyouza mwaka jana, yalitoka kwa mti?”

Nilimuuliza mbona hajapanda, na mahindi ya majirani yamefika magotini. Alishusha sauti.

“Japuonj, wewe mwalimu wa kanisa utanicheka. Mikayi hajapanda.”

Mikayi ni mke mwenza wake, mke wa kwanza. Kwa desturi yao yeye hutangulia kutia mbegu, na misimu hii miwili amekuwa mgonjwa.

“Nikimpita halafu afe, nitaambia watu nini?”

Sikucheka. Niliinama nikatenga magugu. Chini yake palikuwa na mabua makavu ya mahindi, yamesimama kwa mistari. Achieng aliyapiga picha, akaandika: shamba.

Karibu na kijito, ramani ya pili nayo ilikosea. Palipoitwa shamba tulikuta mafunjo. Achieng alisema hawezi kuhukumu ramani kwa sehemu mbili, atazikagua nyingine zote.

Kabla ya kurudi tuliingia kumwombea mikayi. Aliposikia habari ya picha za setilaiti, alijiinua kitandani.

“Kumbe ugonjwa wangu umeonekana mpaka huko juu?”

“Magugu tu, mama,” Achieng alijibu. “Ugonjwa hatukuuona.”

Aliomba mbegu. Tulimshika mikono mpaka kwenye shamba lake mwenyewe, akafukia punje chache, akaketi kupumzika.

Jioni, njiani kurudi Migori, nilimshukuru Mungu. Nilijifunza kwamba hata picha njema huhitaji mtu wa kwenda kuuliza kwa upole. Tulipokuwa tukiondoka, Mama Pamela hakutusindikiza. Alikuwa ameshashika jembe.